Ukuta wa Mgrivea

Siku ya soko pale Kapsoit, mvua ikiwa imekatika nusu saa tu, Winny Chepkemboi alishuka kutoka gari la kampuni akiwa amevaa suruali nyeupe. Nyeupe pe! Na kisigino, na kitambaa cha zambarau shingoni. Msimcheke bado, alikuwa ametumwa ghafla. Kampuni ya chai alikofanya kazi kama afisa utawala ilikuwa imemaliza kujenga ofisi mpya za wakurugenzi, ghorofa nzima imekaa wazi kama uwanja wa mpira, na yeye ndiye aliyeambiwa atafute partisheni za mbao za kuigawa. Mbao za hadhi, mwenyekiti alisema. Mgeni akiingia avue kofia bila kuambiwa, na siri ya mkurugenzi isipite upande wa pili.

"Madam, mahogani hii hapa!"

"Madam, usiende huko, huko utaibiwa!"

Wauzaji walimzunguka, mbuzi wa watu wakimpita miguuni, mashine ya kupasua mbao ikipiga mayowe. Winny akashika ubao mmoja mwekundu unaong'aa. Akaambiwa bei, akashtuka, na kwa sababu alishtuka akaamini kwamba hiyo lazima ni mahogani ya kweli.

"Hiyo ni saiprasi imepakwa rangi," sauti ikasema nyuma yake. "Kwaruza na ufunguo uone."

Akageuka. Kijana mrefu, aproni ya turubai, penseli sikioni, vumbi la mbao mpaka kwenye kope.

"Na wewe ni nani? Broka?"

"Broka gani anachafuka hivi? Naitwa Ogoti. Mimi ni fundi, karakana yangu ni hiyo ya mabati hapo nyuma."

Winny akakwaruza. Chini ya ule wekundu palikuwa peupe kama muhogo. Mwenye mbao akakumbuka ghafla kwamba ana simu ya kupokea, akatokomea.

"Haya, wewe utaniuzia mahogani ya kweli?"

"Mimi sina mahogani. Niko na mgrivea."

Winny akaangua kicheko hadi kitambaa kikamteleza begani. Mgrivea! Kwao Merigi miti hiyo ilisimama mstari mmoja mrefu kandokando ya chai kuzuia upepo, na mama yake alikata matawi yake kila wiki akapikia githeri. "Fundi, wazee wanataka kitu cha hadhi, wewe unanipea kuni?"

"Kuja uone kuni."

Ndani ya karakana, Ogoti alitoa ubao wa kijivu, mchafu, usiovutia hata kidogo. Akaupitishia randa mara tatu, akaufuta na kitambaa kibichi, akaubeba mpaka mlangoni na kuuinamisha polepole kwenye mwanga. Mama yangu! Ndani ya mbao ile madoa madogo ya rangi ya shaba yaliamka. Yakawaka, yakazima, yakawaka tena upande wa pili, kama mto unapopigwa na jua la asubuhi. Winny alisogea. Akagusa kwa kidole kimoja, akaondoa, akagusa tena.

"Haki ya Mungu," akanong'ona. "Hii ndiyo tumekuwa tukichemshia chai?"

"Miaka yote."

"Na hakuna mtu alituambia?"

"Kwani mliuliza? Mti wa nyumbani nani anauangalia mara mbili."

Machozi yalimlengalenga, na akaona haya kulia mbele ya fundi asiyemjua kwa sababu ya ubao. Ogoti hakumcheka. Alimpa kitambaa, ambacho kilikuwa na gundi, kikamwachia alama shavuni, na hapo ndipo wote wawili walipocheka mpaka Makori, mwenzake Ogoti, akazima mashine aje kuona kuna nini.

Tangu siku hiyo simu haikupumzika.

"Umekula?"

"Nimekula vumbi."

"Pole, chamanenyun."

"Umeniita nani?"

"Ai, usijifanye. Si ulizaliwa huku kwa laini za wafanyakazi wa chai? Kipsigis unaelewa."

"Naelewa kabisa, mpenzi wako ndiye mimi. Nataka tu urudie."

Akarudia. Alirudia kila jioni kwa miezi minne. Jumapili walitembea kati ya vichaka vya chai, naye Ogoti akamfundisha kuangalia: mbao ikauke kivulini mwaka mzima, maana Kericho ina mvua ya kila alasiri na mbao isiyokauka itajikunja tu, vipande viunganishwe kwa ulimi na mfereji, kimoja kiingie ndani ya kingine, ili sauti isipenye. Winny alisikiliza kama mtu anayesomewa barua ya mapenzi. Lakini jambo moja Ogoti hakulitamka kamwe, la ndoa. Wazazi wake walitoka Kisii kuja kuchuma chai ya watu. Yeye alilelewa chumba kimoja. Binti wa wenye shamba Merigi, mwenye ofisi na gari la kumshusha? Kila akifungua mdomo, aliufunga.

Kampuni ikatangaza kazi. Sampuli tatu zilipokelewa, na majina ya mafundi yakafungiwa ndani ya bahasha. Sampuli ya kwanza ilitoka Nairobi, ya pili ilikuwa mahogani nzito. Ya tatu Winny aliijua kabla haijafunuliwa vizuri, naye alikuwa mmoja wa kamati ya kuchagua.

Angeweza kunyamaza. Nani alijua? Lakini angepiga kura, na siku moja watu wangejua, na wangesema Ogoti alipewa kazi kwa mapenzi, si kwa mikono yake. Hilo hakuweza kumfanyia. Mwenyekiti, Mzee Bethwel, mkulima wa chai aliyeshindwa kuamini kitu chochote kabla hajakionja, alipouliza kama kuna mwenye mtu wake hapo, Winny alisimama.

"Mzee, wa namba tatu ni mtu wangu."

"Mtu wako wa namna gani?"

"Ni mtu ninayetaka anioe."

Mzee Bethwel akaweka kalamu chini.

"Na yeye anajua?"

"Bado, Mzee."

Wazee sita walicheka mpaka mmoja akamwaga chai kwenye makaratasi. Kisha Mzee Bethwel akafuta macho, akaamuru iandikwe kwenye rekodi vilevile ilivyosemwa, akamtoa Winny kwenye kamati. "Lakini sikiliza, binti yangu. Mpaka barua itoke, hakuna kuongea na yeye. Hata neno moja."

"Hata salamu?"

"Hata salamu. Ukivunja, namba tatu inatoka."

Winny alidhani ni siku mbili. Kumbe Mzee alikuwa na lake. Akasema mbao zitapimwa vile watu wa chai wanavyopima kila kitu: zikae kwenye chumba cha kunyaushia majani. Wiki mbili, kwenye unyevu na hewa ya moto!

Ogoti alipiga simu mara kumi na moja siku ya kwanza. Siku ya pili ujumbe: "Nimekukosea?" Siku ya tano: "Winny, hata kama ni hapana, niambie tu." Aliifungia simu kwenye droo, akaikodolea droo macho. Ajabu ya mtu kumnyamazia anayempenda kwa faida ya huyohuyo anayempenda, na asiweze hata kumwambia hivyo!

Saa za chakula alipita chumba cha kunyaushia, ambako njia ilikuwa ya wote, akasimama. Majani mabichi yamelazwa mita baada ya mita, harufu tamu inapanda hadi kichwani, na juu yake zinaning'inia mbao tatu. Siku ya tisa ile ya Nairobi, ambayo kumbe ilikuwa vumbi la mbao lililogandishwa na kuvikwa ngozi ya mahogani, ilianza kubanduka kingoni. Siku ya kumi na moja ile nzito ilijipinda kama upinde, maana haikukaushwa. Mgrivea ulitulia tuli. Jua likiingia dirishani ulikuwa ukiwaka, na wachuma chai waliokuja kupima majani walisimama na vikapu vyao mgongoni wakiuangalia, hawajui ni nini, hawawezi kuondoka. Mama mmoja aliuliza kama ni dhahabu.

Siku ya mwisho wazee waliukata kwa msumeno katikati, kisha wakafungua bahasha za majina. Na mtunza stoo, katika kujifanya mtu wa mpangilio, akavirudisha vile vipande viwili Kapsoit na dereva siku moja kabla ya barua kutiwa sahihi.

Simu ya namba ngeni ikaita.

"Madam, ni Makori. Mbao ya Ogoti imerudi imekatwa vipande viwili kama kuni. Mwenyewe hajagusa kazi tangu asubuhi. Anafunga vyombo, kesho jioni anahamia Kisii. Ni wewe ulisema ikatwe?"

Mdomo ulikuwa wazi, jibu liko kwenye ulimi. Neno moja tu, na Ogoti angetulia. Neno hilohilo lingemnyang'anya kazi.

"Makori, siwezi kuongea."

"Sasa nimwambie nini?"

"Usimwambie kitu." Akakata, akajifungia chooni, akalia bila sauti.

Barua ilitiwa sahihi kesho yake saa tisa. Ilitangulia na dereva, na Winny akafuata kwa bodaboda, mvua yote ikimwishia mgongoni. Alimkuta Ogoti amepiga magoti akifunga kamba sanduku la vyombo. Barua ilikuwa imefunguliwa juu ya meza.

"Nimeisoma," Ogoti alisema bila kuinua kichwa. "Warudishie. Kazi ya kuhurumiwa sitaki."

"Mimi sikupiga kura. Nilitolewa."

"Ukatuma waikate mbao yangu."

"Waliikata waone ndani! Mzee Bethwel ameniambia leo. Alipitisha kidole pale msumeno ulipopita, akasema ndani na nje ni kitu kimoja, huyu mtu hadanganyi. Ogoti, wazee wote walipokezana hiyo mbao mikononi kama mtoto mchanga."

Kamba ikasimama. "Na simu? Wiki mbili, Winny!"

"Nilikatazwa. Ningekusalimia tu, ungepoteza kazi. Nilikutaja mbele yao."

"Ulinitaja ukisema nini?"

"Kwamba wewe ni mtu wangu."

"Mbele ya wakurugenzi? Mimi wa laini?" Sasa aliinua kichwa.

"Wakauliza mtu wa namna gani." Maji yalimtiririka Winny kutoka nywele hadi kidevuni, naye hakuyafuta. "Nikasema nataka unioe. Wakaandika."

Ogoti akakaa juu ya sanduku. Alitazama mikono yake, akamtazama yeye, akatazama mikono tena, na pumzi ilimtoka polepole kama ya mtu aliyepanda mlima akafika juu bila kutarajia.

"Kwa hivyo wazee wote wanajua, na mimi sijui?"

"Wote sita, na karani."

"Na iko kwa rekodi."

"Iko kwa rekodi."

"Sasa mimi nikikataa," akauliza taratibu, "itabidi waitwe tena wakae mkutano mwingine?"

"Itabidi."

Ogoti akainuka, akamvua Winny koti lililolowa, akamfunika lake lenye vumbi la mbao.

"Basi waache wazee wa watu wapumzike."