Ng'ombe wa Mzee Lembris

Siku ya mnada Karatu mtu hukosa hata pa kuweka mguu. Spika za wauza mitumba zinagombana, moshi wa nyama choma unakuingia machoni, na vumbi jekundu halimwogopi aliyefua wala aliyepiga pasi. Leonce alikuwa ametumwa na bosi wake wa gereji kutafuta waya wa taa za Land Cruiser, akamkuta dada mmoja anaigombeza simu.

Dada mwenyewe alikuwa amejifunga lubega ya miraba juu ya jinzi, ushanga wa bluu na mweupe umemkaa shingoni, na raba zake zilizokuwa nyeupe asubuhi zilishakuwa za rangi ya udongo. Mbele yake palikuwa na meza ya dawa za mifugo na mteja aliyeanza kununa.

"Funguka basi," alikuwa anaiambia simu. "Mtu ananisubiri, wewe unazunguka tu."

"Usiilaumu, dada," Leonce akasema. "Ilikuwa nzima mpaka ilipoletewa apdeti. Sasa imebebeshwa mambo arobaini ambayo hukuyaomba."

"Wewe ni fundi simu?"

"Fundi umeme wa magari. Simu ni ugonjwa wangu tu."

"Haya mgonjwa, itibu."

Leonce akaketi juu ya ndoo, akafuta hiki na kile, na baada ya dakika tano simu ikaamka. Yule dada alijaribu mara mbili, akacheka, na Leonce akasahau kabisa habari ya waya.

"Mimi Nailantei. Kwetu Kakesio, Umasaini, ila nauza dawa hapa mjini. Nipe namba yako, ikigoma tena nijue wa kumlaumu."

Iligoma kesho yake asubuhi. Au tuseme alipiga akasema imegoma.

Kuanzia hapo waliongea kila jioni. Leonce alizaliwa Qurus, kwenye mahindi na mbaazi, na hakusomea kompyuta popote. Alijifundisha mwenyewe kwenye kompyuta kuukuu iliyopasuka kioo, na akitoka gereji alikaa anaandika programu ambazo hakuna aliyemwomba. Maoni alikuwa nayo tele. Kila mwaka simu zinaongezwa kamera, alisema, utadhani binadamu ameongezewa nyuso, na chaji ya kukaa siku mbili hakuna anayeihangaikia.

"Programu nzuri, mpenzi, ni ile inayofunguka haraka, inafanya kazi yake, halafu inanyamaza."

"Sasa mbona aliyeitengeneza hanyamazi?"

"Nikinyamaza utalala."

"Nishalala mara mbili tangu uanze, mume wangu mtarajiwa. Endelea tu."

Ndivyo neno la mume lilivyoingia, kwa utani, na hakuna aliyelitoa. Ila kabla ya wazee wa Qurus kupanda kwenda kuposa, ilibidi baba yake Nailantei, Mzee Lembris, akubali kwanza kumpokea kijana mwenyewe. Leonce akaona asiende mikono mitupu. Mzee hakujua kusoma, na siku hizi alikuwa anachanganya ng'ombe yupi kachanjwa na yupi bado. Basi Nailantei kila alipokwenda nyumbani alimpigia picha za ng'ombe: sura, pembe, ubavu, na mama yake ni yupi. Miezi miwili Leonce alizikata na kuzipanga kwenye programu mpaka macho yakamwuma. Ukigusa sura ya ng'ombe, sauti ya Nailantei inakuambia kwa Kimaa alichanjwa lini. Hata mtandao haikuhitaji.

Usiku mmoja kabla ya safari akaongeza kitu kidogo cha kumfurahisha mkwe, na hakumwambia Nailantei.

Siku ya siku alivaa shati jeupe na kofia mpya. Mzee Lembris alikuwa ameketi nje ya boma na wazee wa rika lake. Leonce akavua kofia, akainamisha kichwa kama alivyofundishwa, mzee akamgusa utosini. Mambo yakawa mazuri. Akamkabidhi simu, akamwonyesha pa kubonyeza, na sauti ya Leonce mwenyewe ikatoka kwa nguvu zote:

"Karibu Mzee Lembris. Una ng'ombe mia moja arobaini na watatu."

Hakuna aliyecheka. Mzee aliiweka simu kwenye majani taratibu, akachukua fimbo yake, akaingia ndani.

"Kijana," mzee mmoja akauliza, "nani amekutuma kuhesabu?"

Nailantei alimvuta hadi nyuma ya boma.

"Leonce, umefanya nini?"

"Nimejumlisha tu. Ni mstari mmoja, mashine inahesabu yenyewe."

"Sisi ng'ombe hatuwahesabu. Ukiwataja idadi unawaitia mabaya. Halafu wewe ndiye unakuja kuposa. Unamtajia baba mali yake mbele ya rika lake, kama mtu aliyekuja kupima atapata nini."

"Hukuniambia."

"Hukuniuliza. Miezi miwili unaongea, Leonce, hukuuliza hata mara moja."

Leonce alirudi Karatu na gari la mizigo, kofia ameishika mkononi njia nzima. Wiki tatu alipiga simu, zikaita mpaka zikakatika. Kwenye duka la dawa aliambiwa Nailantei yuko nyumbani. Alimkumbuka mpaka akawa hali chakula vizuri, na dada yake Eunike akachoka kumwangalia.

"Kaka, hiyo kompyuta haitakuzalia watoto. Muombe mwenzio radhi, tupumue."

Siku ya ishirini na mbili Nailantei akapokea.

"Ile jumla nimeifuta," Leonce akasema. "Nimekosa, na naomba unisamehe. Ila kuna jambo nilipaswa kuuliza mwanzo kabisa. Baba asipohesabu, anajuaje kama mmoja hayupo?"

Akasikia Nailantei anavuta pumzi.

"Njoo umuulize mwenyewe."

Safari hii alivaa shati lilelile jeupe, ila hakubeba kitu. Alimkuta Mzee Lembris langoni, jua linaanza kushuka. Akainamisha kichwa, na mzee akamwacha hivyo hivyo muda mrefu, shingo ikaanza kuuma, ndipo akamgusa. Leonce akaomba radhi, kisha akauliza swali lake.

"Mama yako akipakua chakula," mzee akasema, "anahesabu watoto?"

"Hapana. Anaona tu nani hayupo."

"Simama hapo."

Ng'ombe wakaanza kuingia, kengele zinalia, vumbi linanuka maziwa. Leonce akashtuka. Aliwajua. Yule wa kipaji cheupe, yule wa sikio lililokatika, yule mama na mapacha wake. Wote hawa alikuwa amekaa nao miezi miwili kwenye kioo kilichopasuka. Aliwatazama mmoja mmoja hadi wa mwisho.

"Haya," mzee akasema.

"Kuna mwekundu, pembe ya kushoto imeinama machoni. Binti wa yule mweusi mwenye tumbo jeupe. Sijamwona."

Mzee Lembris hakwenda kuangalia. Alishajua.

"Nailantei," akaita, "mchukue mwenzako mkamtafute, jua halijazama."

Nailantei alisimama kidogo kabla ya kutembea. Wiki tatu baba yake alikuwa anamwita Leonce "yule wa mashine", na leo amesema "mwenzako".

"Umesikia alivyokuita?" akamwuliza walipofika mbali.

"Nimesikia. Nikiwaleta wazee wetu, atawapokea?"

"Atawapokea. Ila hiyo simu waiache Qurus."

"Na wewe, utanipokea?"

"Mimi nilishakupokea mnadani, mpumbavu wangu. Tembea."

Walimkuta yule mwekundu korongoni, amezaa, anamlamba ndama ambaye bado alikuwa anayumba. Leonce akamnyanyua begani, shati jeupe likaharibika lote, na Nailantei akacheka njia nzima ya kurudi, mama ndama akiwafuata kwa manung'uniko.

Mzee Lembris alikuwa bado langoni, amesimama palepale. Akamtazama ng'ombe, akamtazama ndama, akamtazama Leonce. Akasogea pembeni.

"Ingia," akamwambia. "Sasa wote wamefika."