Buluu ya Mwalimu Lyamba

Chupa ilikuwa tupu. Mwalimu Lyamba aliionyesha kwa kidole.

"Zilikuwa humu, afande. Fuwele za shaba na amonia, za buluu iliyoiva. Nimezitengeneza mwenyewe. Kesho mtaalamu wa chuo kikuu anakuja kuzipima, na zimeibwa!"

"Nani ana ufunguo wa maabara?"

"Mimi na mlinzi, Celestin. Yule Mrundi wa makazi ya wakimbizi ya Katumba."

Inspekta Malale hakuhitaji zaidi. Alimtia Celestin pingu mbele ya mkewe, Goreth, aliyekuwa amemletea uji. Mwaka huo wa 1996, mkimbizi akipata kesi ya wizi Mpanda, kazi hana na kibali hana. Malale alilijua hilo vizuri, na bado akamsukumia mahabusu.

Ndipo akili ikamrudia, kwa kuchelewa kama kawaida yake. Mwizi angezipeleka wapi fuwele? Sokoni Majengo hazina mnunuzi. Akarudi shuleni, akazunguka maabara. Juu ya bati la banda la kuni palikuwa na karatasi ya nailoni, na unga wa kijani uliofifia umeganda pembeni.

Ulimkumbusha kutu ya shaba, na mwalimu alikuwa ametaja amonia. Akaupeleka ndani.

"Mwalimu, dondoshea amonia."

"Ya nini, afande?"

"Dondoshea."

Unga ukageuka buluu nzito. Mwalimu akaketi sakafuni.

"Nani alizianika juani?"

"Mimi. Kwetu Ikola kila kitu tunaanika, dagaa, mihogo. Nilitaka zikauke upesi. Kumbe joto linafukuza amonia, rangi ikafa. Nilishajisifu shule nzima, afande. Nikaona aibu kumwonyesha mgeni vumbi. Nyingine nimezitupa chooni."

"Na Celestin? Kwa nini umtaje yeye?"

Lyamba aliinamisha kichwa. "Nilijua utakubali bila kuuliza."

Uso wa Malale uliwaka. Alitafuta la kumkaripia mwalimu, akakosa; kila neno lilikuwa linamfaa yeye mwenyewe. Alimshika mkono wakaenda kituoni.

Goreth alikuwa amekaa nje, chini. Alipomwona mumewe anatolewa, na mwalimu amesimama pale, alipiga magoti.

"Asante, mwalimu, kwa kuja kumsemea mume wangu. Asante, afande. Nilijua nyie mtaona si mwizi."

Lyamba alianza kulia. Malale alimwinua yule mama. Alitamani Goreth amtukane.