Kijiti cha Kabula

"Nani kakuingiza hiki kitu?"

"Hakuna aliyeniingiza, baba Shija. Nimejichukulia mwenyewe, bafuni, mlango nimefunga."

"Mke wa mtu unajichokonoa, halafu uchafu wako upelekwe Bariadi ukachezewe na watu?"

Ngassa alikishika kile kichupa kwa ncha za vidole, kama kashika nyoka. Ndani kulikuwa na kijiti tu. Ng'washi, mhudumu wa afya wa hapo Shishiyu, aliwagawia kina mama: unajichukulia ute wa ukeni, unafunga, yeye anapita kukusanya, maabara ya Bariadi wanaangalia kama una kirusi kinacholeta saratani ya mlango wa kizazi. Hakuna wa kukuvua nguo. Hapo ndipo Kabula alipokubali, maana mama yake alikufa kwa ugonjwa huohuo akiona aibu kuvuliwa.

"Nataka kujua tu, nisife kama mama."

"Nilitoa ng'ombe kwenu. Tumbo hilo haliendi kwenye kichupa."

Akakitupa jikoni, kwenye moto. Plastiki ikanuka, ikaisha.

Ng'washi alipopita, Kabula akamwambia kimepotea. Akapewa kingine, akakataa. Jamani, angefanyaje na mume yuko palepale anamwangalia?

Pamba ya mwaka uliofuata haijavunwa, Kabula akaanza kutoka damu ovyo. Ngassa akampeleka kwa mfumu, mganga anayeagua kwa kuku. Kabula akatemea mate mdomoni mwa kifaranga, kikapasuliwa, mfumu akasoma utumbo: mizimu ya ukweni ina njaa. Wakatambika, wakachinja, damu haikukata. Mpaka wanafika hospitali, daktari akasema saratani imeshasambaa. Wakarudi naye nyumbani.

Sasa Kabula amebaki mifupa. Chumba kinanuka, na yeye mwenyewe anaisikia harufu yake.

"Baba Shija."

"Pumzika."

"Mate yangu ulimpelekea mfumu. Kifaranga kikapasuliwa watu wamejaa, wanachungulia. Hukuona aibu."

Ngassa akamvutia shuka miguuni.

"Kijiti changu, nilichojifungia peke yangu, ndicho ulichokichoma."

Ngassa akasimama. Akatoka, akafunga mlango.

FUNZO

Ndugu zangu, kile kijiti hakiibi kizazi na hakimvunjii mtu heshima. Kirusi kikionekana mapema, unatibiwa kabla saratani haijaanza. Mama, ukipewa, jichukulie. Baba, ukikikuta ndani kwako, usikitupe motoni. Shija, mtoto wa Kabula, bado mdogo, kila asubuhi anauliza mama ataamka lini.