Harufu Iliyopotea Shimoni

Kila jioni jozi mbili za buti za mpira zilisubiri nje ya mlango wa jikoni, na kila jioni mwoshaji alikuwa msichana yuleyule. Jozi kubwa ilikuwa ya baba yake. Ndogo ilikuwa ya mjomba wake, mdogo wake mama, aliyeishi nao tangu msichana huyo akiwa darasa la kwanza. Wanaume hao wawili walifanya kazi katika kiwanda cha ngozi, na buti zao zilinuka kiasi kwamba hata paka wa jirani alizipitia mbali. Msichana alijifunga kitambaa puani, akasugua kwa brashi na sabuni, huku mjomba ameketi kizingitini akimtania.

"Profesa, usisahau visigino. Nataka kesho ngozi za ng'ombe zinione kama bwana harusi."

Alimwita Profesa kwa sababu msichana, ambaye sasa alikuwa darasa la sita, alipenda kusoma. Mjomba mwenyewe aliacha shule mapema na hakuona haya kulisema hilo. Cheti chake, alisema, ni mikono.

Jioni moja mjomba hakutania. Alimweleza mpwa wake kwamba siku zile walikuwa wakisafisha shimo la kiwandani, lililochimbwa chini ya sakafu na kufunikwa kwa mfuniko wa chuma. Maji machafu yote yaliishia humo, yale ya mapipa ya kuondolea manyoya na yale ya mapipa ya asidi. Tope lilipojaa, mtu alishuka kwa ngazi akalichota kwa ndoo, na mtu huyo alikuwa yeye. Macho yalimwasha na kichwa kilimgonga. Tena kulikuwa na jambo moja ambalo hakulielewa: harufu ya mayai yaliyooza ilimpokea kwa nguvu, kisha ghafla ikawa haipo.

"Hebu niulizie kwenye ile kompyuta ya maktaba yenu," akasema. "Si ulisema ina habari za kazi zote?"

Ni kweli msichana alikuwa amesema hivyo, tena kwa maringo. Katika maktaba iliyopakana na shule yake kulikuwa na kompyuta yenye kanzidata ya ufundi, yaani ghala kubwa la habari za kemikali, mashine na kazi za viwandani. Mtu aliandika neno, na kompyuta ikamletea kurasa zinazohusu neno hilo.

Kesho yake baada ya masomo aliketi mbele ya kompyuta hiyo, akaandika "harufu mbaya". Zikaja kurasa za majalala, za mitaro na za viatu vya wanamichezo. Akaandika "shimo linalonuka", hakikuja kitu. Dirishani aliwaona wenzake wakigawana timu za mpira, na mmoja akamwashiria kwa mkono kwamba amebaki yeye tu. Akafunga daftari, akatoka mbio.

Jioni mjomba alimuuliza. Msichana alikuwa ameinama juu ya buti.

"Nimetafuta vizuri, mjomba. Hakuna kitu. Ni harufu tu."

"Basi, kama mashine yenyewe imesema," mjomba akajibu, na wasiwasi ukamtoka usoni.

Lile neno "vizuri" halikuwa kweli, na msichana alilijua hilo, lakini akaendelea kusugua.

Kule kiwandani baba yake aliitwa Pua, na halikuwa jina la dhihaka. Kabla ya mtu yeyote kushuka shimoni, yeye ndiye aliyefungua mfuniko, akapiga magoti na kunusa. Harufu ikiwa kali, aliinua mkono na wote wakangoja. Alinusa tena na tena, palepale, mpaka asisikie kitu. Hapo alisema neno moja, "Limetulia," na mchotaji akashuka. Mwalimu wake wa kazi alifanya hivyo, na mwalimu wa mwalimu wake pia. Hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini shimo chafu vile litulie kwa muda mfupi namna ile.

Siku ya tisa baada ya jioni ile, baba alifungua mfuniko akanusa. Harufu ilikuwa kali kuliko siku zote. Akangoja akiwa ameinama, akanusa tena, akasema limetulia. Mjomba akashuka. Ndoo ya kwanza ilipanda, na ya pili ikapanda. Ya tatu haikupanda. Baba alipochungulia alimwona shemeji yake amelala kifudifudi juu ya tope, akataka kumfuata, wenzake wanne wakamshika. Walipofanikiwa kumtoa mjomba kwa kamba na ndoano, alikuwa ameshakata roho.

Mama alilia mpaka sauti ikamkauka. Msimamizi wa kiwanda alikuja msibani akasema marehemu bila shaka alikuwa na moyo dhaifu. Wengine wakasema siku yake ilikuwa imefika. Baba alikaa akiitazama mikono yake. Kwenye mfuko wa plastiki zikaletwa buti za mjomba, na jioni ile msichana akaziosha, visigino na yote, ingawa hapakuwa na mtu wa kuzivaa kesho. Alijua mjomba alimuuliza swali gani, na alijua alimjibu nini. Hakumwambia mtu. Majuto ni mjukuu, husemwa, na huyu alikuja akakaa kifuani mwake asitoke usiku wala mchana.

Wiki ya pili baada ya msiba, siku ya Ijumaa, alikuwa akifagia barazani aliposikia wazazi wake wakizungumza ndani. Msimamizi alikuwa ametuma ujumbe. Shimo limejaa, maji yameanza kurudi sakafuni, na Jumatatu lazima lisafishwe. Mama aliuliza ni nani atakayeshuka.

"Nitashuka mwenyewe," baba akajibu. "Sitamtuma tena mtoto wa mtu."

Ufagio ulimdondoka msichana mkononi.

Jumamosi asubuhi alikuwa mlangoni pa maktaba kabla hapajafunguliwa. Mkutubi, mama mmoja mnene mwenye miwani iliyofungwa uzi, alimkuta ameketi chini analia. Msichana akamweleza yote, pamoja na uongo wake. Ilikuwa mara ya kwanza kuusema kwa sauti, na alitarajia kufukuzwa. Mkutubi hakumfukuza wala hakumpoza kwa maneno matamu. Alifuta miwani yake, akavuta viti viwili mbele ya kompyuta.

"Uliiuliza harufu mbaya, ikakuletea majalala. Haikukosea," akasema. "Inajibu kile ulichoandika, haijui ulichokuwa nacho moyoni. Sasa niambie, humo shimoni mnaingia nini hasa? Dawa gani? Nataka jina lake."

Msichana hakulijua jina. Kisha akakumbuka kwamba baba huleta nyumbani mifuko mitupu ya dawa ya kuondolea manyoya, na mmoja umefunika banda la kuku. Akakimbia nyumbani. Mfuko ulikuwa palepale, umepauka kwa jua, na maandishi yake bado yalisomeka. Miaka miwili alikuwa akiokota mayai chini ya jina lile bila kulisoma. Akalinakili herufi kwa herufi, akarudi anahema: sodiamu salfaidi.

Wakaliandika. Mkutubi akamwambia aongeze "asidi", kwa kuwa maji ya asidi nayo yaliingia humo, na "kutengeneza ngozi", kwa kuwa ndiyo kazi yenyewe. Kurasa saba zikaja. Walizisoma kwa zamu, na kwenye ukurasa wa nne msichana akaacha kusoma kwa sauti. Ilibidi mkutubi aendelee peke yake.

Ukurasa ulisema kwamba maji yenye salfaidi yakikutana na asidi hutoa gesi yenye sumu iitwayo haidrojeni salfaidi. Gesi hiyo hulala mashimoni, na tope likikorogwa hutoka kwa wingi. Ikiwa kidogo hunuka kama mayai yaliyooza. Ikizidi huilemaza pua, hata mtu asiisikie kabisa, ilhali ipo na inaweza kumuua kwa pumzi chache. Chini yake kulikuwa na mstari ulioandikwa kwa herufi nzito: Kutosikia harufu si dalili ya usalama. Pima kwa kipimo cha gesi, usipime kwa pua.

Msichana aliitazama saa ya ukutani. Tangu waandike jina lile hadi kupata jibu zilipita dakika kumi na moja. Siku ile ya mpira walicheza saa nzima.

Mkutubi alichapisha ukurasa ule wa nne, akamkabidhi mkononi. Alimwambia kwamba karatasi anaweza kuibeba mtu yeyote, lakini yale mengine aliyoyasema pale mlangoni lazima ayapeleke yeye mwenyewe.

Jioni baba alisoma akifuata mistari kwa kidole. Alipofika kwenye herufi nzito alirudi juu akaanza upya. Kisha akamuuliza nini kilimfanya atafute. Msichana angeweza kusema ameguswa tu na msiba. Mdomo ulikuwa tayari umefunguka.

"Mjomba aliniomba, baba. Kabla hajafa. Sikutafuta sawasawa, nikaenda kucheza mpira. Nikamwambia nimetafuta vizuri na hakuna kitu."

Jikoni chombo kilianguka. Mama alikuwa akisikia yote. Baba aliikunja karatasi, akaitia mfuko wa shati, akatoka nje. Mama alikuja akasimama mbele ya binti yake kwa muda mrefu, machozi yakimtiririka, kisha akamvuta kifuani kwake. Hakusema amesamehe. Alimshika tu, kwa nguvu.

Jumatatu baba alikwenda kazini, na msichana darasani hakusikia hata neno moja la mwalimu. Jioni aliporudi nyumbani alikuta buti za baba mlangoni. Zilikuwa kavu.

Baba aliketi kizingitini, mahali alipopenda kukaa mjomba, akasimulia. Msimamizi alisema karatasi haichoti tope. Baba akajibu kwamba pua nayo haipimi sumu, na kwamba yeye hatanusa tena wala hatakubali mtu ashuke. Akaisoma karatasi mbele ya wafanyakazi wote. Mmoja akaweka ndoo chini, kisha wa pili, mpaka zote zikawa chini. Mwenye kiwanda alipoitwa na kusoma, aliketi juu ya pipa. Akaamuru shimo lifungwe siku hiyohiyo. Maji ya asidi yatachimbiwa mfereji wake, tope litavutwa kwa pampu kutoka juu, na kipimo cha gesi kitanunuliwa.

"Nimewaambia wasiniite Pua tena," baba akamalizia. "Njoo ukae hapa."

Msichana akakaa.

"Sikiliza, mwanangu. Nilinusa nisisikie kitu, nikasema hakuna sumu. Nawe ulitafuta kidogo usione kitu, ukasema hakuna jibu. Mimi sikujua, wewe ulijua hujatafuta, na hilo ni zito zaidi kwako. Utalibeba, nami nitabeba langu. Lakini kuanzia leo, usipoona kitu, sema sijaona. Halafu rudi, tafuta jina lake hasa, uulize tena. Mtu anayekuuliza huenda anakaribia kushuka shimoni."

Msichana aliitikia kwa kichwa. Alichukua brashi na sabuni, akaosha buti za baba yake, kisha akazileta zile za mjomba na kuanza na visigino.