Kioo cha Festo na Kopo la Wapagazi

Ndugu zangu wa Ipuli, na nyinyi wa Kanyenye na Gongoni mnaopenda kusikia ya wenzenu, sogezeni viti. Leo nawasimulia habari za nyumba iliyopakana na yangu ukuta kwa ukuta. Wenyewe wameniruhusu, kwa hiyo mtu asije akaniita mmbeya.

Nyumba hiyo ni ya Festo, fundi redio mwenye kibanda chake Kanyenye, na mkewe Theodora, anayeshona sare za shule. Wanaishi na shangazi yake Festo, Apolinaria, mama wa miaka sabini na minne mwenye ugonjwa wa sukari na mdomo usiochoka. Jumamosi asubuhi ilikuwa raha kuwasikia. Theodora alikanyaga cherehani yake barazani, Festo alikuwa na bisibisi yake, na shangazi alikaa karibu na lango akimsalimia kila anayepita, mwenye baiskeli, mwenye ng'ombe, hata mtoto aliyetumwa chumvi. Hakuna aliyepita lango lile bila kuulizwa ameamkaje na anakwenda wapi.

Amani hiyo ilivurugwa na kitu kidogo kinachoenea kiganjani.

Kuna chama cha watu wa Tabora wanaojiita Wasaka Makopo. Kilianzishwa na Bwana Adinani, muuza vitambaa wa Gongoni. Wanachama huficha makopo kando ya njia ya zamani ya misafara iendayo Ujiji, na ndani ya kila kopo kuna daftari, penseli na zawadi ndogo. Mahali penyewe huandikwa kwa namba za ramani. Unaingiza namba hizo kwenye kifaa cha GPS kinachoongea na satelaiti, kinakuongoza, unalipata kopo, unaandika jina lako, unachukua zawadi na kuacha nyingine, kisha unalirudisha palepale. Ni mchezo mzuri, na sina ugomvi nao.

Festo alipojiunga ilibidi anunue kifaa. Theodora alikwenda naye dukani, na anajua kununua vitu yule mwanamke. Aliona viwili. Kimoja kilikuwa kidogo, kizito, chenye vitufe vya mpira unavyoweza kubonyeza hata mikono ikiwa na vumbi, na kinatumia betri mbili ndogo zile zinazouzwa kila kioski. Cha pili kilikuwa na kioo kipana cha kugusa, kinang'aa hasa, na betri yake imefungiwa ndani, ikiisha mpaka upate umeme. Theodora akasema wachukue cha vitufe, kwa sababu porini hakuna mahali pa kuchomeka waya. Festo akajibu kwamba yeye ni fundi, hafundishwi vyombo na mshona sketi. Wakaondoka na kile cha kioo.

Nawaambia kweli, tangu siku hiyo Festo hakuwa yule tuliyemzoea. Alikula huku kioo kiko kando ya sahani. Redio za watu zilikaa kibandani zimefunuliwa matumbo. Lililoniudhi zaidi ni kwamba aliacha kutusalimia. Alipita langoni kwangu macho kwenye kioo, na nikimwita, ananyoosha kidole kimoja kama askari wa barabarani anayesimamisha gari. Siku moja mgeni alimuuliza njia ya kwenda sokoni, Festo akampa umbali kwa mita na hakumpa njia. Tulicheka, lakini mkewe hakucheka. Alikuwa anaona mumewe anaanza kudhani watu hawana kazi tena duniani.

Sasa sikieni kilichotokea mwezi wa kumi, jua likiwa kali na mvua bado.

Bwana Adinani alificha kopo jipya mahali ambapo wapagazi wa zamani walikuwa wakitua mizigo na kulala. Alitoa karatasi yenye namba, na akatangaza kwamba daftari la kopo hilo ni la majina ya wapagazi, kila mwenye babu aliyebeba mizigo akaandike jina lake. Shangazi Apolinaria aliposikia, alimwacha mtu apite langoni bila kumsalimia, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Babu yake, Lugembe, alibeba pembe na vitambaa kwenye njia ile mpaka bega likaota sugu, naye shangazi alipokuwa mtoto alilishika sugu lile kwa mkono wake. Hakuna mahali popote jina la babu huyo limeandikwa. Hana kaburi lenye msalaba wala hati yoyote. Shangazi akasema anataka aliandike mwenyewe, kwa mkono wake, kabla mkono haujaanza kutetemeka.

Festo alifurahi kumpeleka. Hilo lazima nimpe haki yake, anampenda shangazi yake.

Asubuhi ile shangazi alijichoma sindano yake ya sukari na kunywa chai tupu. Mtu akishajichoma sindano ile lazima ale tena mapema, la sivyo sukari inashuka na anaweza kupoteza fahamu. Theodora alijua, akafunga kikapu cha matobolwa, vile viazi vitamu tunavyovichemsha na kuvikausha, na ndizi nne. Festo akakitoa kikapu kwenye pikipiki. Alihitaji nafasi ya mkoba wa kifaa chake. Alisema kioo kinaonyesha watafika kwa dakika hamsini, na saa nne watakuwa wamerudi. Theodora alibaki amesimama langoni na kikapu mkononi.

Huko kwetu magharibi ya mji, mtu akipita mbele ya nyumba za watu hupunguza mwendo, husalimia, na husema anakwenda wapi. Ndiyo desturi. Festo hakupunguza. Kila walipokaribia nyumba shangazi alimgonga mgongoni asimame, naye akasema watachelewa. Basi bibi huyu, kwa kuwa hakuweza kupita watu kimya, alifanya alichoweza. Kila nyumba waliyoipita aliinua mkono juu ya kichwa cha Festo na kupaza sauti, "Mwangaluka!", salamu yetu ya asubuhi, na kabla hajaitikiwa vumbi lilikwishamfunika.

Baada ya nyumba ya tatu mshale wa kioo ukageuka kaskazini, porini. Festo akaacha pikipiki kwenye kijia cha pembeni. Hakuhifadhi alama ya mahali alipoiacha. Kifaa kinaweza kuwekwa alama kwa kubonyeza mara moja tu, kikakurudisha ulipotoka, lakini yeye aliona ni kazi ya waoga. Wakaingia miomboni. Mshale ukawafikisha, kioo kikasema wamefika, na pale walipofika palikuwa na kichuguu na majani makavu tu.

Wakatafuta. Wakazunguka kichuguu hiki na kile. Shangazi akasikia jogoo anawika mbali kidogo, akasema palipo na jogoo pana watu, twende tukaulize. Festo akamwambia, "Shangazi, satelaiti iko juu, inatuona sote. Jogoo anajua nini?"

Wakaendelea kuzunguka, na miti yetu mnaijua, ukigeuka mara tatu yote ni ndugu. Ilipofika saa tano kioo, kilichokuwa kinang'aa tangu alfajiri, kikazima. Simu haikuwa na mtandao. Jogoo naye alikwishanyamaza. Festo alitazama pande zote nne akagundua hajui pikipiki iko wapi. Ndipo shangazi akasema kwa sauti ndogo kwamba anatokwa na jasho la baridi, na kwamba anaomba akae.

Mniwie radhi, hapa huwa nasimama kidogo ninaposimulia. Huyu ndiye mama aliyemlea Festo tangu akiwa na miaka sita.

Nyumbani, Theodora hakungoja saa sita. Saa nne na nusu alikuwa dukani kwa Bwana Adinani na kikapu chake. Bwana Adinani alifunga duka, akachukua kifaa chake cha vitufe, betri mbili za akiba na ramani ya karatasi, wakapanda pikipiki yake. Yeye alijua kopo liko wapi, lakini hakujua Festo yuko wapi, na hayo ni mambo mawili tofauti.

Nyumba ya kwanza wakasimama, wakasalimia, wakauliza. Watu wakasema ndiyo, amewapita bibi mmoja aliyewaamkia akiwa anakimbizwa, dereva hakuwatazama. Nyumba ya pili, vilevile. Ya tatu ni ya Mama Kabula, mkulima wa tumbaku mwenye mizinga ya nyuki. Alisema bibi alimwamkia vizuri sana, na kwamba tangu asubuhi anasikitika hakuwahi kumwitikia. Nyumba ya nne wakasema hapana, leo hakuna bibi aliyewaamkia.

Bwana Adinani akageuza pikipiki papo hapo. Kati ya nyumba ya tatu na ya nne, bibi yule alikuwa amenyamaza, na bibi yule hanyamazi. Kwa hiyo hawakupita hapo. Wakakiona kijia, wakaiona pikipiki ya Festo. Adinani akahifadhi alama yake kwanza. Mama Kabula naye alikuwa amekwishawafuata na majirani watano, na ameshika chupa ya asali na kidumu cha maji. Wakaingia porini wamejipanga mstari, wakiita.

Walimkuta shangazi ameegemea kichuguu, midomo inatetemeka, maneno hayatoki sawasawa. Festo alikuwa amepiga magoti mbele yake, anampepea kwa karatasi ya namba, na machozi yanamtoka bila kujificha. Mama Kabula hakuuliza kitu. Alichanganya asali na maji, akamnywesha kidogo kidogo. Theodora akamega ndizi. Baada ya muda ambao Festo anasema ulikuwa mrefu kuliko mwaka, shangazi alifumbua macho vizuri, akamtazama Mama Kabula, na neno lake la kwanza likawa, "Wewe ndiye nilikupita asubuhi. Hukuniitikia."

"Mwangaluka, mama," akasema Mama Kabula, na akacheka huku analia.

Walipompeleka nyumbani kwa Mama Kabula kupumzika, Festo aliomba aelezwe kosa lake. Bwana Adinani akamweleza taratibu. Ramani ya zamani ilipimwa kwa hesabu moja, na satelaiti zina hesabu nyingine. Namba za ramani ile ukiziingiza kwenye kifaa bila kukiambia ni za hesabu ipi, kitakupeleka mita mia tatu hivi pembeni, na kitakuapia kuwa umefika. Kubadilisha ni jambo la nusu dakika. Na aliliandika hilo kwenye karatasi.

Shangazi akaomba hiyo karatasi aliyopepewa. Akavaa miwani. Chini ya namba palikuwa na mistari miwili ambayo Festo hakuisoma. Wa kwanza ulisema namba hizi ni za ramani ya zamani, badilisha kipimo kwanza. Wa pili shangazi aliusoma kwa sauti, akiusoma kwa ajili ya Festo.

"Ukikaribia, bisha hodi."

Mama Kabula akatikisa kichwa, akawaongoza hatua ishirini nyuma ya jiko lake, palepale wapagazi walipokuwa wakitua. Chini ya jiwe bapa, mahali palipofagiwa vizuri, palikuwa na kopo. Bwana Adinani alikuwa amemwomba ruhusa alifiche pale, naye anapafagia kila asubuhi na kumwonyesha kila anayefika na kupiga hodi. Festo alikuwa amepita mbele ya kopo lile kwa kasi, macho yake yako kwenye kioo, na shangazi yake akilisalimia bila kujua.

Shangazi Apolinaria alilifungua daftari juu ya goti. Akaandika jina la Lugembe, herufi kubwa, moja moja, na mkono haukutetemeka. Kisha akampa Festo penseli. Festo akaipokea kwa mikono miwili. Chini ya jina la babu aliandika jina lake, na mbele yake akaandika: Tulionyeshwa na watu.

Siku hizi, ndugu zangu, Festo anakwenda kusaka makopo kila mwisho wa mwezi. Kile cha kioo alikibadilisha na cha vitufe. Mkewe ndiye anayefunga kikapu, na kikapu hupanda kwanza. Langoni kwangu anasimama mpaka ananichelewesha sokoni. Juzi aliniuliza habari za kuku wangu mmoja mmoja, nami nikavumilia, maana najua alikotoka.

Funzo la hadithi hii

Kifaa ni kizuri, nunueni. Lakini chagueni cha kazi mnayokwenda kuifanya, si cha kuonyesha watu, na msikilizeni anayewatakia mema hata kama kazi yake ni kushona sketi. Someni karatasi yote, si namba peke yake. Linganisheni kipimo cha ramani na cha kifaa, hifadhini alama mahali mlipoacha chombo chenu, bebeni betri za akiba, maji na chakula, na ramani ya karatasi isiyozimika. Anayeumwa asinyang'anywe kikapu chake kwa sababu yoyote.

Na zaidi ya hayo yote, punguzeni mwendo mbele ya nyumba za watu. Satelaiti iliwaona Festo na shangazi yake siku nzima, na haikumwambia mtu. Waliosema wamepita wapi ni wale waliosalimiwa.

Basi, mimi nimemaliza. Kabla hujaondoka, jirani yako uliyekaa naye hapo, umeshamuuliza ameamkaje?