Viatu Juu ya Jiwe Jeusi

Rafiki yangu Farida wa Kigoma si mtu wa kuzua mambo. Alikwenda Goma kumchukua Mapendo, yatima mdogo aliyepewa amlee. Jioni moja walikuwa wakirudi kutoka mtaa wa Majengo, walikomnunulia mtoto viatu. Umeme ulikuwa umekatika, mji ulikuwa mgeni, na Farida alikuwa hoi, miguu inamwaka moto.

Wakakatiza uwanja mtupu. Zamani, kabla Mapendo hajazaliwa, lava ilifunika nyumba za hapo ikaganda kuwa jiwe jeusi. Katikati yake mtoto akasimama, akavua viatu vyake vipya, akavipanga kama yuko mlangoni kwa watu.

"Mama, toa viatu. Tumefika."

"Tumefika wapi, mwanangu? Hapa hakuna nyumba. Twende, nimechoka."

Mapendo akachuchumaa, akagonga jiwe. "Hodi!"

Hata mbwa hawakubweka.

"Basi, inatosha," Farida akasema, akainama ambebe.

"Ngoja, mama. Muzee anatembeaka polepole."

Ndipo Farida akasikia, chini kabisa ndani ya jiwe, kandambili zikiburuzwa. Zikakaribia. Zikasimama chini ya nyayo zake, na komeo likaanza kuvutwa.