Kinyozi Aliyekataa Chakula cha Dada Yake

"Mfunge kamba, shoga! Usipomfunga wewe, nitamfunga mimi!" alifoka muuza mkaa. "Leo tena kanimwagia maji jikoni. Eti moshi wangu una sumu!"

"Umfunge mdogo wangu kama mbuzi? Thubutu!" alijibu fundi cherehani, futi ya kupimia ikining'inia shingoni.

Alijibu kwa ukali, lakini alikuwa hoi. Usiku hakupata usingizi, na nguo za wateja zilikuwa zimerundikana.

Zamani ua huu haukuwa hivi. Mdogo wake alikuwa kinyozi, na kiti chake kilikaa pale barazani. Hata wenye vipara walikuja, ili mradi wapate mapya ya mtaa. Muuza mkaa huyu huyu alikuwa akicheka mpaka anashika mbavu. Kisha kinyozi akaanza kusikia sauti ambazo wengine hawazisikii. Baraza likapoa. Sasa ilikuwa siku ya tatu hajala nyumbani.

Nesi, jirani yao, alisikia kelele akaingia uani.

"Dawa anakunywa?" aliuliza.

"Alikuwa anakunywa bila kujua," fundi alisema. "Nilikuwa nazisaga, nazitia kwenye chai. Juzi akanifuma. Tangu hapo hagusi chakula changu."

"Ala! Mtu anaogopa sumu, nawe unampa ushahidi?"

Fundi akakaa chini, machozi yakamlengalenga. "Nilitaka apone tu."

"Najua, dada. Ugonjwa huu unaitwa skizofrenia. Si uchawi, wala si kosa lako. Dawa husaidia, lakini usimfiche. Mwombe radhi. Akisikia sauti, usibishane naye. Muulize anaogopa nini. Kesho mlete kliniki. Daktari akiona inamfaa, naye akikubali, ipo sindano ya mara moja kwa mwezi."

Kisha akamgeukia muuza mkaa. "Na kamba itamzidishia hofu. Au mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi?"

Muuza mkaa akatazama chini. "Basi kila asubuhi nitakaa naye mimi, mwenzangu ashone."

Jioni, fundi alimkuta mdogo wake nje, karibu na ukuta.

"Nilikuwekea dawa kwenye chai. Nilikosea, ndugu yangu. Sitarudia."

Kinyozi akamtazama usoni. "Ulinifanya mtoto."

"Nisamehe. Twende wote kliniki. Utamuuliza daktari chochote unachotaka."

Walikwenda, naye akakubali kutibiwa. Hakupona kwa siku moja. Wiki za kwanza alikula tu alichopakua mwenyewe kutoka sufuriani, na dada yake hakununa. Sauti hazikuisha zote, ila zilipungua. Na muuza mkaa alipokaa naye asubuhi, cherehani ililia tena.

Mchana mmoja muuza mkaa alichungulia mlangoni, akaona wanakula, akataka kurudi.

"We mama!" kinyozi aliita, kwa ile sauti yake ya barazani. Fundi akaacha tonge mkononi. Miaka mingapi hajaisikia! "Unachungulia kama paka mwizi? Kapika dada, na mimi nimeshiba nusu. Karibu ndani, nawa mikono, tule."